JIWE LILILOKUWA UJI WA MOTO
Mawe ya Tororo na gesi iliyofungwa ndani yake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, barua za kufukuzwa kazi na michango ya chama. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jiwe. Msicheke kwanza. Mtakaposoma hadi mwisho mtaona ya kwamba habari ya jiwe hili ni habari ya mshahara pia, na ni habari ya uhai wa mfanyakazi na haki ya mjane wake.

Jiwe lenyewe ni jiwe la chokaa. Fundi wa ujenzi hapa Kampala hulikuta ndani ya mfuko wa simenti. Ndugu zetu wa viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi huitumia chokaa yake kila siku, maana maji ya miwa hutiwa chokaa ili uchafu ujitenge kabla sukari haijapikwa. Mchoma chokaa hulipakia tanurini kwa mikono yake. Sote tunalitumia, lakini ni wachache wanaojua limetoka wapi.

Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoulizwa. Tulikuwa katika mkutano wa wafanyakazi huko Tororo. Ajenda zilikuwa zimekwisha na watu wanataka kwenda nyumbani. Mzee mmoja ambaye maisha yake yote amechoma chokaa akainua mkono, akasema:

"Ndugu katibu, wajukuu zangu wanarudi kutoka shule wakisema kwamba mwamba wetu wa Tororo ni volkano ya zamani, na kwamba jiwe lake lilikuwa likitiririka kama uji. Mimi nimelichoma jiwe hili miaka thelathini. Sijaliona likiyeyuka hata siku moja. Likipata moto linageuka chokaa, jeupe, jepesi, linavunjika mkononi. Sasa mwongo ni nani, mwalimu au tanuri langu?"

Watu wakacheka sana. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu elimu yangu ni ya shule ya msingi na jibu sikuwa nalo. Nikaahidi nitauliza. Nimewauliza wenye ujuzi wa miamba, nao wamenieleza kwa subira. Jibu ni kwamba hakuna mwongo. Mwalimu amesema kweli, na tanuri la mzee nalo limesema kweli. Tofauti yao ni kifuniko tu. Nitaeleza.

TANURI LINASEMA KWELI

Jiwe la chokaa lina vitu viwili vilivyoshikana. Kimoja ni chokaa yenyewe. Cha pili ni gesi, ile inayoitwa kabonidayoksaidi, ambayo hapa nitaiita gesi ya kaboni kwa kifupi. Ndiyo gesi inayotoa mapovu katika chupa ya soda. Mawe na chumvi zote zilizoishika gesi hii kwa namna hiyo, wataalamu huziita kaboneti. Magadi wanayotia mama zetu katika maharagwe nayo ni ya ukoo huo.

Jiwe linapofika joto la digrii 900 hivi, gesi hujinasua na kutoka. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi, utatoa tanurini chokaa kilo 56 tu. Kilo 44 zilizobaki hazikuibiwa na mtu. Zimetoka kwa njia ya hewa, nazo hazionekani wala hazina harufu. Ndugu, tafadhali ikumbukeni hesabu hii, maana tutairudia: karibu nusu ya jiwe ni gesi.

Gesi ikishatoka, chokaa inayobaki ni ngumu mno kuyeyuka. Inataka joto la zaidi ya digrii 2,500, na hakuna tanuri la kuni wala la makaa linalofika huko. Kwa hiyo mzee wetu akikaa mbele ya tanuri lake miaka mia, hataona jiwe la chokaa likiyeyuka. Jiwe hupoteza gesi yake kabla halijapata nafasi ya kuwa uji.

WATAALAMU NAO WALIBISHANA

Swali la mzee si swali la mtu asiyesoma. Wataalamu wakubwa wa dunia walibishana juu yake kwa miaka karibu arobaini.

Mwaka 1921 mtaalamu wa Norway, W. C. Brøgger, aliandika juu ya mahali panapoitwa Fen katika nchi yake. Alisema ameona jiwe la chokaa ambalo halikutokea baharini, bali lilipanda kutoka chini ya ardhi likiwa limeyeyuka, likapoa na kuganda kama miamba mingine ya moto. Akaliita kabonataiti. Wengine walikataa. Miongoni mwao alikuwa N. L. Bowen wa Marekani, bingwa wa elimu ya jinsi mawe yanavyoyeyuka. Hoja ya wapinzani ilifanana na hoja ya mzee wetu: jiwe la chokaa likipata moto hutoa gesi, haliwi uji. Basi wengine wakasema mawe hayo ni vipande vya mawe ya kawaida ya baharini, ambavyo volkano ilivikuta njiani ikavibeba juu.

Mawe ya baharini tunayajua. Pwani ya Kenya, kiwanda cha simenti cha Bamburi karibu na Mombasa kilijengwa juu ya mawe ya matumbawe. Ukiyatazama vizuri unaona alama za viumbe vya baharini. Huo ni uzazi wa maji.

Lakini huku kwetu Uganda mambo yalikuwa tofauti. Idara ya Jiolojia ilianzishwa Entebbe mwaka 1919, na watu wake wakatembea kwa miguu katika vilima vya mashariki: Tororo, Sukulu, Bukusu, mpaka Napak huko Karamoja. Walikuta mawe ya chokaa yamesimama katikati ya mabaki ya volkano, mahali palipokuwa koo la mlima. Hawakukuta kombe la bahari hata moja. Miamba ya zamani iliyoyazunguka ilikuwa imegeuzwa na joto na chumvichumvi zilizotoka katika jiwe hilo. Na ndani ya jiwe mlikuwa na madini ambayo mawe ya baharini hayana kwa wingi namna hiyo: chuma cha sumaku, fosfati, na madini ya niobiamu inayotumika kuimarisha chuma cha pua na vyuma vya mitambo. Kila dalili ilisema jiwe limezaliwa motoni. Lakini lilizaliwaje?

KIFUNIKO CHA CHUPA

Chukua chupa ya soda iliyofungwa. Itazame, hakuna mapovu. Gesi imo ndani lakini imebanwa. Sasa fungua kifuniko. Mara moja gesi inaruka nje kwa kelele.

Jiwe la chokaa ni hivyo hivyo. Katika tanuri lililo wazi, hakuna kinachoizuia gesi, basi inatoka. Lakini chini ya ardhi, kwa kina cha kilomita nne hivi, uzito wa miamba iliyo juu unabana kwa nguvu mara elfu moja kuliko hewa tunayoivuta hapa juu. Hicho ndicho kifuniko. Gesi haina pa kutokea. Moto ukizidi, jiwe huyeyuka likiwa na gesi yake ndani.

Mwaka 1923 wataalamu wawili wa Marekani, Smyth na Adams, walijaribu jambo hilo katika chombo cha chuma kilichofungwa sawasawa. Jiwe la chokaa likayeyuka kweli, lakini kwa joto la zaidi ya digrii 1,300. Wapinzani wakasema joto hilo ni kubwa mno. Miamba iliyo jirani na kabonataiti haionyeshi dalili za kuunguzwa kwa moto mkali namna hiyo.

Jibu la hoja hiyo lilipatikana mwaka 1960. Wyllie na Tuttle, nao huko Marekani, walirudia jaribio lakini wakaongeza maji. Kwa mgandamizo mkubwa maji hayakuruka yakawa mvuke wa kupotea, bali yaliingia ndani ya jiwe. Na jiwe likaanza kuyeyuka hata chini ya digrii 700, yaani chini ya joto la tanuri la mzee wetu.

Fundi redio hatashangaa kusikia hivyo. Bati huyeyuka kwa digrii 232 na risasi kwa digrii 327. Lakini ukizichanganya kwa kipimo chake kuwa waya wa kuchomelea, mchanganyiko huyeyuka kwa digrii 183 tu, chini ya kila moja peke yake. Vitu vingi vikichanganyika huyeyuka upesi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Jiwe la chokaa likiwa na maji, magadi na chumvi nyingine, chini ya kifuniko kizito, huwa uji mwepesi kabisa.

MLIMA WA MUNGU

Kama bado kuna mwenye shaka, na aende Tanzania. Kaskazini, karibu na Ziwa Natron, upo mlima ambao Wamasai wanauita Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu. Una urefu wa karibu mita 2,960. Ndio volkano pekee duniani iliyo hai leo inayotoa uji wa kaboneti.

Mlima huo ulitoa uji mwaka 1960, na mtaalamu J. B. Dawson alipanda akaushuhudia, akaandika habari zake mwaka 1962. Uji huo si kama ule wa volkano nyingine. Lava ya kawaida huwa na digrii 1,100 au zaidi, na inang'aa nyekundu. Uji wa Lengai una digrii kati ya 500 na 600 hivi. Mchana unaonekana mweusi kama oili chafu ya gari, nao unatiririka karibu kama maji. Usiku tu ndipo unaonyesha wekundu hafifu. Ukishapoa ukapata unyevu wa hewa na mvua, kwa muda mfupi unageuka kuwa mweupe, na watu walio mbali hudhani kileleni kuna theluji.

Uji wenyewe ni nini? Sehemu kubwa ni magadi yaliyoyeyuka. Na katika uji huo ulioganda wataalamu walitambua madini mapya, wakayaita nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Basi rais wa kwanza wa Tanzania ana madini yenye jina lake, na kwao ni katika Mlima wa Mungu.

Lakini tusidanganyike kwa upole wa uji huo. Mwezi Septemba mwaka 2007 mlima ulibadilika, ukalipuka na kurusha majivu juu angani, na milipuko iliendelea hadi mwaka 2008. Wafugaji walihama na mifugo yao. Gesi ikibanwa hutafuta njia.

UJI HUO UNATOKA WAPI?

Chini ya ganda la dunia kuna tabaka nene la mwamba wa moto. Ijapokuwa ni moto, sehemu yake kubwa ni ngumu kwa sababu ya mgandamizo. Ndani yake mna kaboneti kidogo sana, zimetapakaa. Fikiria nyama kwenye sufuria. Moto ukianza, nyama bado haijaiva, lakini mafuta tayari yameyeyuka na kuchuruzika. Kaboneti ndizo mafuta ya mwamba huo. Huyeyuka mapema, na kwa kuwa ni uji mwepesi hupenya katika nyufa na kupanda.

Wataalamu wanasema ipo na njia ya pili. Uji wa kawaida wa volkano wenye magadi mengi na gesi nyingi ukipoa, hujigawa mara mbili kama maji na mafuta yaliyotiwa chupa moja. Sehemu moja inakuwa mawe ya kawaida ya volkano, na nyingine inakuwa kabonataiti. Mahali pengine ilikuwa njia ya kwanza, mahali pengine ya pili.

Afrika ya Mashariki imepata mawe haya mengi kwa sababu ardhi yetu inavutwa pande mbili katika Bonde la Ufa. Kenya ina kilima cha Mrima huko Kwale, Tanzania ina Panda Hill karibu na Mbeya, na Uganda ina vilima vya Tororo na Sukulu kandokando ya Mlima Elgon, volkano kubwa iliyozimika zamani. Na wale wa mashamba ya chai ya Toro wasidhani habari hii ni ya mashariki tu. Karibu na Fort Portal kuna mashimo ya volkano na lava ya kabonataiti iliyomwagika juu ya ardhi. Wataalamu von Knorring na Du Bois waliiandika habari hiyo mwaka 1961.

MVUA NA FOSFATI

Uji wa Tororo haukufika juu wote. Sehemu yake iliganda ndani ya koo la mlima, polepole, chembe kubwa kubwa zinazong'aa. Kisha kwa mamilioni ya miaka mvua iliuondoa mlima wenyewe, likabaki koo. Hilo ndilo mwamba unaosimama juu ya mji wa Tororo leo.

Huko Sukulu mvua ilifanya kazi nyingine. Maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuipeleka, lakini fosfati na chuma cha sumaku hazipelekwi upesi hivyo. Zikabaki katika udongo mwekundu wa mabonde. Inakadiriwa kuwa kuna zaidi ya tani milioni 200 za udongo huo. Kabla ya uhuru fosfati ya Busumbu ilikuwa ikichimbwa na kupelekwa Kenya kufanywa mbolea. Miaka ya 1960 kilianza kiwanda cha mbolea hapo Tororo, kikasimama mwishoni mwa miaka ya 1970, uchumi ulipoharibika. Mwaka 2018 kiwanda kipya cha mbolea kilizinduliwa Sukulu na kampuni ya Kichina.

Lakini fosfati, ambayo ni rafiki wa mkulima, ni adui wa mpika simenti. Kiwanda cha simenti cha Tororo kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilijulikana kwamba jiwe la hapo lina fosfati ndani yake. Mtaalamu wa Uingereza, R. W. Nurse, alichapisha mwaka 1952 uchunguzi juu ya jambo hilo. Fosfati ikizidi asilimia mbili na kidogo, simenti haipati nguvu zake sawasawa. Kwa hiyo jiwe lilipaswa kuchaguliwa kwa uangalifu: hili lichukuliwe, lile liachwe.

Nani aliyekuwa akichagua? Kipimo kilifanywa maabara, ni kweli. Lakini aliyetoboa mwamba, aliyepakia lori, aliyeona mshipa wa jiwe umebadilika rangi, ni mfanyakazi. Msimwache mtu awaambie ya kwamba kazi ya machimbo haina ujuzi. Siku ya majadiliano ya mishahara, ujuzi huo uwekwe mezani.

GESI HAIJAENDA MBALI

Sasa turudi kwenye ile hesabu. Kilo 44 katika kila kilo 100. Chini ya ardhi, gesi hiyo ilipobanwa ilifanya jiwe kuwa uji. Katika tanuri, inapofunguliwa hutoka. Huenda wapi?

Gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu. Mahali penye upepo hupotea. Mahali palipotulia hutambaa chini na kujaa mashimoni kama maji. Ndugu zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wanaijua vizuri kwa sababu ardhi yao ya volkano inaitoa. Wao huita mahali hapo mazuku. Mbuzi akishuka bondeni hutamuona akipanda, na mtoto akimfuata naye hupotea. Na mwaka 1986 huko Kameruni, Ziwa Nyos lilitoa gesi hiyo kwa wingi usiku mmoja, ikashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 wakiwa majumbani mwao.

Mimi nilipokuwa kijana nilifanya kibarua katika tanuri la chokaa, katika wilaya ambayo sitaitaja, kwa tajiri ambaye sitamtaja. Ilikuwa mwaka 2003. Tulikuwa tukilinda moto usiku kwa zamu. Usiku mmoja mvua ilinyesha sana, na baridi ikawa kali. Mwenzangu, mtu mwenye mke na watoto watatu, alitandika gunia katika shimo lililokuwa kando ya tanuri, kwa sababu mawe ya pale yalikuwa na joto. Hata mimi nilikuwa nimelala pale siku nyingine, usiku wenye upepo. Asubuhi tulimkuta amelala vilevile, hana jeraha, hana alama ya moto.

Tajiri alikuja, akatazama, akasema, "Amekunywa pombe huyu." Ikaandikwa hivyo. Mjane alipewa sanduku, gari la kumpeleka marehemu kijijini, na mfuko wa sukari. Sisi tulikuwa watu tisa, na sote tulijua kwamba mwenzetu hakunywa, maana hata fedha ya pombe hakuwa nayo. Lakini tulipoulizwa, "Basi amekufa kwa nini?" hakuna aliyejibu. Hatukulijua jiwe tulilokuwa tukilichoma. Hatukujua kwamba karibu nusu yake ilikuwa ikishuka katika shimo lile usiku kucha.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwepo tayari, ya mwaka 2000. Inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, waliomtegemea walipwe mishahara ya miezi 60. Miezi sitini, ndugu! Neno moja, "pombe", lilikula miezi sitini ya wale watoto watatu, kwa sababu sisi tisa hatukuwa na neno la kulijibu. Ningekuwa najua wakati ule ninayoyaandika leo, ningesimama.

TUFANYE NINI?

Wenye kazi za machimbo, matanuri, simenti na mbolea, yashikeni haya:

1. Usilale wala usiketi katika shimo au mahali pa chini karibu na tanuri linalowaka, hata kama kuna baridi. Mdai mwajiri ajenge kibanda cha walinzi wa moto, juu, mahali penye upepo.

2. Taa ikififia au ikizimika shimoni, toka mara moja. Lakini taa ikiendelea kuwaka usijione salama, maana moshi wa kuni na makaa una gesi nyingine ya sumu isiyozima taa.

3. Mwenzako akianguka shimoni usimfuate mbio. Wengi wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo. Iteni watu, leteni kamba, na anayeshuka awe amefungwa na kushikiliwa na walio juu.

4. Chokaa iliyotoka tanurini bado ina kiu. Ikikutana na maji huchemka. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, kwa robo saa au zaidi, kisha uende hospitali. Ikiwa kwenye ngozi, pangusa unga kwanza, ndipo uoshe kwa maji mengi.

5. Lijue vumbi lako. Jiwe la chokaa hukwaruzwa kwa kisu, na unga wake ukidondoshewa asidi kidogo hutoa mapovu, ambayo ni ile gesi inayotoka. Jiwe lisilotoa mapovu, gumu kushinda kisu, huenda likawa na kwatsi. Vumbi la kwatsi huharibu mapafu pasipo dawa, na humfungulia mlango kifua kikuu. Huko Tororo miamba inayolizunguka jiwe la chokaa ina mawe ya namna hiyo. Mtoboaji adai maji ya kuzimisha vumbi na kinyago kinachofaa, si kitambaa.

6. Wa viwanda vya mbolea: fosfati ya mawe haya ina florini ndani yake, na ikitiwa asidi ya salfa hutoa gesi kali inayounguza macho na mapafu. Kama feni za kuvuta hewa hazifanyi kazi, hilo ni jambo la kuandikia ripoti siku hiyo hiyo.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, amwelekeze juu ya hatari za kazi yake, na ampe vifaa vya kujikinga. Inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari ya wazi. Lakini sheria haijui kutembea yenyewe. Inabebwa na mtu anayejua ni hatari gani anayoisema, na wenzake walio nyuma yake.

JIBU KWA MZEE

Nilirudi Tororo nikamweleza mzee yote haya, ya chupa ya soda, ya waya wa kuchomelea na ya Mlima wa Mungu. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya jiwe. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Basi lile lilikuwa tanuri lenye kifuniko, na langu halina."

Nikamwambia ndivyo hasa.

Halafu akauliza, "Na wale vijana wangu wanaolala huku chini, upande wa joto?"

Hilo nilikuwa nimelijia. Jioni ile, kabla sijapanda basi la kurudi Kampala, tulihamisha magunia yao pamoja, tukayapeleka juu ya mteremko kwenye upepo. Vijana walilalamika kwamba kuna baridi. Mzee akawaambia baridi haijamzika mtu hapa. Na ombi la kibanda limeandikwa, limetiwa sahihi na watu kumi na wanne. Tunangoja jibu, nasi hatutachoka kuuliza.

Umoja ni nguvu.